Tuliojiajiri Mwanza: acheni kuupima moyo kwa mauzo ya siku moja (uzi mrefu)

Dagaa wa Mwaloni (mleta uzi)

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Uzi huu ni wa watu wa aina moja: wanaofungua wenyewe, wanafunga wenyewe, na jioni hawana bosi wa kumsengenya. Mwenye mshahara naye akae asome, kuna siku atastaafu.

Magrupu ya simu yamejaa sauti za watu wanaotuambia tubadili fikra ili tubadili maisha. Sina ugomvi nao wote, ila wengi wao bidhaa wanayouza ni hayo maneno yenyewe. Ukifika mwaloni Kirumba, soko letu la samaki kando ya ziwa, alfajiri ukakuta mitumbwi imerudi mitupu, kujitangazia utajiri mbele ya kioo hakukuletei hata sado moja, kile kindoo chetu cha kupimia. Tena mtu akijitangazia hivyo wiki kadhaa bila kuona kitu, akija kuvunjika anavunjika vibaya kuliko yule aliyenyamaza.

Lakini sisemi moyo hauna kazi. Nimeona watu wawili wenye mtaji sawa, meza zimepakana, wananunua kwa wavuvi wale wale. Mmoja bado yupo, mwenzake alishafunga akarudi kwao Kwimba. Mtaji haukuwa tofauti. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba mmoja alikuwa anaipima biashara kwa siku, mwingine anaipima kwa mwezi.

Kwa wasioijua biashara ya dagaa: dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola. Dagaa wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linang'aa, taa ya mvuvi inakuwa haina maana, kwa hiyo mitumbwi inalala. Mwezi unazunguka kwa siku 29 na nusu hivi, basi na sisi ndivyo tunavyozunguka: kuna giza, kuna mbalamwezi. Kuna kazi, kuna kukaa. Mgeni akiingia mwaloni siku za giza atajiona ana akili kuliko wote aliowakuta. Mbalamwezi ikifika anaanza kuuliza mtaalamu yuko wapi amtazamie, maana amerogwa. Mtu yule yule, meza ile ile.

Wazoefu hawana hiyo shida. Siku mbaya kwao ina mahali pake kwenye kalenda, haiwaambii kitu kuhusu akili zao wala nyota zao.

Na usidhani ni dagaa tu. Fundi cherehani ana Desemba na ana Januari. Mwenye steshenari karibu na chuo ana muhula na ana likizo. Muuza nguo anajua tarehe za mishahara kuliko watumishi wenyewe. Ukiuza mabati au baiskeli Magu au Misungwi, unajua msimu wa pamba ukifunguliwa mfuko wa mkulima unakuwaje, na unajua Februari unakuwaje. Kila kazi ina mbalamwezi yake, shida ni kwamba wengi hatujakaa tukaiandika.

Niweke hesabu ya mfano, si ya kwangu, msije mkanipigia simu kukopa. Chukua siku 18 za giza, faida ghafi 25,000 kwa siku: 450,000. Siku 11 za mbalamwezi, faida 4,000 kwa siku: 44,000. Jumla 494,000. Toa pango la stoo 60,000 na ulinzi na usafi 14,000, inabaki 420,000. Gawa kwa siku 29, unapata kama 14,480 kwa siku.

Hiyo 14,480 ndiyo biashara yako. Siyo ile 25,000 iliyokufanya ununue nyama kilo mbili, wala ile 4,000 iliyokufanya usiongee na mke. Sasa jilipe 10,000 kila siku, giza na mbalamwezi, bila kuongeza wala kupunguza. Mwisho wa mzunguko umekula 290,000 na umebakiwa na 130,000 ya kukuza mtaji na ya dharura.

Mtu anayejilipa hivyo hahitaji kujitia moyo sana. Siku ya 4,000 anakwenda nyumbani na 10,000 yake kama jana, watoto wanakula kama jana, na kesho anaamka hana kisirani na wateja. Fikra chanya ninayoiamini mimi inaanzia hapo, kwenye tumbo la nyumbani kutojua kwamba leo kulikuwa kubaya. Tiririkeni.

Fundi Simu Makoroboi

Nimeusoma wote mkuu. Hesabu tamu, ila mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita mkononi. Ukimwambia una fikra chanya anakuuliza ni Lipa Namba ya mtandao gani.

Dagaa wa Mwaloni

Fundi 😂. Kodi ya miezi sita ndiyo mbalamwezi kubwa kuliko zote na tarehe yake unaijua kabla haijafika. Gawa kodi kwa siku za kazi, weka pembeni kila jioni kabla hujahesabu faida. Usipoitoa kila siku, utakuwa unajidanganya miezi mitano kwamba una faida, kisha wa sita unajiona umefilisika.

Mama Kigongo

Hamjambo wanangu. Mimi sina maneno ya kitaalamu, nilikuwa nauza samaki wa kukaanga na ndizi kwenye foleni ya kivuko Kigongo. Wanaopajua wanakumbuka: mabasi na malori yanasubiri, abiria wanashuka, wana njaa, na hawana pa kwenda. Mteja analetwa na foleni, wewe kazi yako ni moto na mafuta.

Juni 2025 daraja likazinduliwa. Kilomita tatu hivi za lami juu ya maji, gari linapita dakika chache liko Busisi ng'ambo. Daraja ni zuri, tuliliombea, wagonjwa wanawahi hospitali ya Bugando, sina ugomvi nalo. Lakini foleni ikaisha, na foleni ndiyo ilikuwa duka langu.

Nimeingilia uzi huu kwa sababu ya hiyo habari ya giza na mbalamwezi. Kijana wangu, hesabu yako ni nzuri kwa kitu kinachozunguka. Foleni ya Kigongo haizunguki, haitarudi. Wenzangu kadhaa walikaa pale miezi wakisema "tuvumilie, biashara ina kupanda na kushuka". Walikuwa na moyo mzuri sana, na moyo huo huo ndio uliowakalisha kwenye jua bila mteja. Mimi nilihamia Usagara njia panda, sehemu magari yanaposimama kwa sababu nyingine. Wateja ni wachache kuliko zamani, wana haraka, wanataka kifungashio, hawataki kukaa. Nimepunguza ndizi nimeongeza chapati maana zinabebeka.

Kwa hiyo mtu ajiulize kwanza: hii ni mbalamwezi au ni daraja?

Dagaa wa Mwaloni

Shikamoo mama. Hapo umenifunga mdomo. Swali lako la mwisho nimelinakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Unatofautishaje mapema, kabla mtaji haujaisha?

Mama Kigongo

Marahaba. Sina kanuni. Ila nilikuwa naangalia kitu kimoja: mteja ameacha kununua, au ameacha kupita? Akipita bila kununua, tatizo ni bei yangu, au mafuta yangu, au ulimi wangu, au mfuko wake leo. Hayo yanatengenezeka. Akiwa hapiti kabisa, nitabaki pale kumsubiri nani?

Mhitimu wa Malimbe

Wakuu salamu. Nimesoma saikolojia kidogo pale chuoni, sasa nina kibanda cha steshenari na uchapaji, kwa hiyo likizo za chuo nazijua vizuri sana. Naomba niongeze kitu kwa sababu mleta uzi na mama wamegusa mambo yaliyofanyiwa utafiti wa kweli.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Martin Seligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Yeye na wenzake waliwafuatilia mawakala wa bima. Kazi ya bima ni kuambiwa "hapana" kutwa nzima, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kumjua mtu anavyobeba kukataliwa. Waligundua wale wenye namna ya matumaini ya kuyaeleza mabaya yanayowapata walikuza mauzo zaidi, na wenye kukata tamaa waliacha kazi kwa wingi zaidi.

Kipimo chake hakikuwa mtu anatabasamu kiasi gani. Alikuwa anasikiliza maelezo yanayokuja kichwani baada ya pigo, katika mambo matatu. Hili ni la kudumu au litapita? Limegusa kila kitu au sehemu hii tu? Ni mimi mzima nilivyo, au ni kitu fulani kilichotokea? Mteja akirudisha kazi ya kuchapa, mmoja anasema "mimi sijawahi kuweza biashara". Mwingine anasema "wino wa leo ulikuwa mwepesi". Wa pili atabadilisha wino. Wa kwanza atabadilisha nini?

Na huyo wa kujitangazia utajiri kwenye kioo, naye amechunguzwa. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, aliwafuatilia wahitimu wa chuo waliokuwa wanatafuta kazi. Waliozoea kujiona kichwani tayari wameipata, bila kikwazo chochote, baada ya miaka miwili walikuwa wameomba kazi chache zaidi na mishahara yao ilikuwa midogo zaidi. Ukiila ndoto mapema, mwili unatulia kabla ya kazi kufanyika. Anachoshauri ni kutaja unachokitaka, halafu papo hapo kutaja kizuizi kilichoko njiani, na kupanga: kizuizi hiki kikitokea, nitafanya hivi.

Dagaa wa Mwaloni

Mhitimu, huo mpango wa "kikitokea hiki nitafanya hiki" mwaloni upo miaka yote bila profesa. Mtu anayeanika dagaa mchangani anatazama upande wa ziwa kila mara. Wingu likikaa vibaya, hakai kujadiliana na nafsi yake, anajua turubai liko wapi na nani anashika pembe ipi. Maana dagaa wakilowa wakaoza wanaenda kwa bei ya chakula cha kuku, na hiyo bei haina huruma. Waliohamia chanja za kuanikia wana nafuu kidogo, lakini nao turubai halikai mbali.

Asiye na mpango ndiye unayemkuta ameshika kiuno anasema "Mungu kwa nini mimi", na mvua imenyeshea mwalo mzima.

Bodaboda Buzuruga

Naomba kupinga kidogo. Hiyo ya "siyo mimi, ni wino" mnaifurahia sana. Kuna jamaa hapa kijiweni kwetu kila abiria akimkataa ana sababu: abiria wa leo wana dharau, mafuta yamepanda, trafiki wananifuata mimi tu. Hajawahi hata siku moja kusema helmeti ya abiria inanuka. Na inanuka, tumemwambia. Kwa hesabu ya huyo Mmarekani jamaa ana matumaini makubwa.

Mhitimu wa Malimbe

Kaka umeuliza vizuri kuliko mtihani wangu wa mwaka wa pili. Jibu langu: lawama ikae kwenye kitu kinachobadilika, hata kama kitu hicho ni chako. "Helmeti inanuka" ni lawama yangu mwenyewe, ila kesho asubuhi imeisha kwa sabuni. "Abiria wana dharau" siyo yangu na wala siwezi kuifua. Jamaa yako anajikinga na aibu, na matumaini hayamo humo.

Bodaboda Buzuruga

Sawa. Nitampelekea sabuni.

Mzee wa Igoma

Vijana mmeongea vizuri, ila naona mnazunguka kitu ambacho kila mfanyabiashara wa kanda hii anacho kichwani na hakuna anayekitaja. Chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta hela ya mwenzio. Unauza kutwa nzima, jioni unahesabu, hela haifiki. Haujaibiwa, hujanunua kitu. Na huyo naye ni wino?

Dagaa wa Mwaloni

Shikamoo mzee. Imani ya mtu siibishii humu. Nitakwambia tu ninachokiona kikitokea mezani kwa mtu akishaamua ni chuma ulete kabla hajafungua daftari.

Kwanza anaacha kutafuta. Sado moja ya asubuhi ilikopeshwa haikuandikwa. Noti ya elfu tano imetolewa chenji ya elfu kumi, maana mteja alikuja wakati wa fujo. Hela ya chai, nauli ya mtoto, mchango wa msiba, vyote vimetoka kwenye droo ile ile ya mauzo. Hizo ni hela zilizotoka kwa mlango, na zingeonekana.

Pili, anaanza kumtazama mtu. Hili ndilo baya. Mara nyingi anayetazamwa ni mama mzee aliyelipa kwa noti kuukuu, au jirani wa meza ambaye leo kauza. Sokoni unaishi kwa jirani: anakuangalizia meza ukienda msalani, anakuazima sado mbili mteja mkubwa akija. Ukishamshuku umebaki peke yako. Na mzee wewe unajua kuliko mimi tuhuma za namna hii zimewafanya nini akina bibi wa Usukuma. Watu wamekufa.

Ombi langu ni dogo. Mzunguko mmoja andika kila shilingi iliyoingia na kila iliyotoka, hata ya karanga. Kikibaki kitu ambacho daftari limeshindwa kukieleza, hapo niite tukae.

Mzee wa Igoma

Marahaba. Umejibu kwa adabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, hilo tuliimbiwa tangu zamani. La chuma ulete tuliache lilipo, nimekaa duniani muda mrefu.

Ila naunga mkono alichosema yule mama wa Kigongo, na niongeze la kwangu. Mwaka 1999 Ulaya walizuia samaki wa Ziwa hili kwa sababu ya habari za watu kuvua kwa sumu. Sangara alikuwa ndiye mfalme, viwanda vya minofu ndivyo vilivyokuwa vinampangia bei, na sisi wadogo tulikuwa tumejipanga nyuma ya viwanda. Siku Ulaya walipofunga mlango, niliona wanaume wazima wamekaa juu ya mawe hawajui waende wapi. Waliosimama haraka ni wale waliokuwa wanajua na njia nyingine, hasa kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ya kwenda Kongo. Siyo kwamba walikuwa wachangamfu kuliko wengine. Mmoja wao alikuwa mtu wa manung'uniko kweli kweli, hata harusini. Lakini alikuwa na wateja wa aina mbili.

Mnaita fikra chanya. Mimi naona mtu mwenye wateja wa aina mbili anaweza kununa anavyotaka.

Fundi Simu Makoroboi

Mzee heshima yako. Hiyo ya mwisho naiandika ukutani.

Dada Mitumba Mlango Mmoja

Habari zenu. Nimekaa kimya nasoma, sasa niseme. Mmeongelea mauzo, mvua, Ulaya, uchawi. Hakuna aliyesema deni.

Hapa sokoni kwetu ukitaka kujua nani ana mawazo mabaya, usiangalie nani hajauza. Angalia nani anaangalia simu kila ikilia. Mikopo ya kausha damu. Unapewa laki tatu, unarejesha kila siku, Jumapili humo, na ukichelewa wanakuja watu kukaa mbele ya meza yako wateja wakiwaona. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ahesabu kwa mwezi unamtania. Anayemdai anahesabu kwa siku, kwa hiyo na yeye lazima ahesabu kwa siku. Kichwa hakina nafasi ya kupanga. Anauza nguo ya 8,000 kwa 5,000 ili marejesho ya saa kumi yatimie, kesho hana cha kufungulia belo, anakopa kwingine kulipa hapa.

Nimeona dada zangu wazuri, wacheshi, wenye mdomo wa biashara, wakigeuka watu wengine kabisa ndani ya miezi. Halafu mtu anakuja kuwatumia video ya kufikiri kitajiri.

Kwa hiyo kwangu mimi, kabla ya fikra, kuna deni la kila siku. Likiwepo, ndilo la kuanza nalo. Wengine tumeshikana mikono, tuna kikundi, tunaweka hisa kila wiki na kukopeshana wenyewe kwa riba tuliyokubaliana. Mtu akikwama tunamsogezea, hatumkalii mezani.

Dagaa wa Mwaloni

Dada nimekusoma mara mbili. Nakubali, na narudi nyuma kidogo: hesabu yangu ya juu inamfaa mtu asiyedaiwa kila siku. Anayedaiwa kila siku aanze na wewe, si na mimi.

Mvuvi Nansio

Mwangaluka wote. Mimi niko Ukerewe, nina mtumbwi, na nacheka kidogo. Mleta uzi anasema mbalamwezi ni njaa. Kwenu wanunuzi wadogo labda. Kuna watu wanainunua dagaa siku za giza bei ikiwa chini, wanaikausha vizuri, wanaiweka. Mbalamwezi ikitoka sokoni hakuna mali, bei inapanda, wao ndio wanafungua stoo. Kwa hao mbalamwezi ndiyo sikukuu.

Dagaa wa Mwaloni

Mvuvi ni kweli, na ndiko hiyo 130,000 ya mwisho wa mzunguko inakotakiwa kwenda. Ila tuseme yote: stoo inataka dagaa aliyekauka sawasawa na sehemu isiyovuja. Ukiweka mbichimbichi, masika ikiingia unafungua gunia unakutana na funza. Nani kakwambia kuweka mali hakuhitaji moyo?

Mwenye Duka Nyakato

Mimi ni wa rejareja, unga, mafuta, sukari. Naomba kuuliza kitu cha aibu kidogo. Mauzo yangu si mabaya. Shida yangu ni kwamba nimechoka. Nafungua saa kumi na mbili asubuhi nafunga saa nne usiku, siku zote, na usiku silali, nawaza tu. Mke anasema nimekuwa mkali. Nimejaribu kusoma mambo ya fikra chanya naona kama napoteza muda. Je, na hii ni mbalamwezi?

Nesi Mstaafu Pasiansi

Mwanangu, hilo si swali la aibu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nikwambie bila kuzunguka. Kutolala, hasira isiyo na sababu, kuchoka hata ukipumzika, kutofurahia kitu ulichokuwa unakipenda: yakikaa wiki mbili na zaidi, hayo ni ya kumwonyesha mganga wa hospitali. Bugando wana kitengo cha afya ya akili, na hata zahanati ya karibu wataanza na wewe na kukuelekeza. Wala hautaitwa kichaa. Pima na presha na sukari hapo hapo, maana mara nyingi vinakuja pamoja kwa watu wa dukani mnaokaa kutwa na soda.

Na ukijiwa na mawazo ya kutaka kufa, usingoje wiki mbili, nenda siku hiyo, na mwambie mke.

Yale mengine ya duka nawaachia wenyewe. Ila saa kumi na sita kwa siku, siku saba, mimi hata wodini nisingempangia mtu zamu hiyo.

Mwenye Duka Nyakato

Asante mama. Nitaenda wiki hii.

Fundi Simu Makoroboi

Kaka Nyakato, nikuulize: kati ya saa mbili na saa nne usiku unauza nini?

Mwenye Duka Nyakato

Vocha, mkate, sigara moja moja. Na watu wa kukopa, hao ndio wa usiku hasa.

Fundi Simu Makoroboi

Basi andika mauzo ya saa hizo mbili peke yake, kwa wiki. Mimi nilifanya hivyo kwa Jumapili, nikaona ninachopata hakifikii nauli na chakula cha kula kibandani. Sasa Jumapili nipo nyumbani, wateja wamejua, wanaleta simu Jumamosi au wanangoja Jumatatu. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kioo siku moja.

Bodaboda Buzuruga

Mleta uzi swali la mwisho nikimbie kijiweni. Unajilipa 10,000 kila siku, sawa. Mtoto akiugua katikati ya mbalamwezi inakuwaje? Hiyo 10,000 haitoshi dawa, na ukichota kwenye mtaji umeshaharibu hesabu yote.

Dagaa wa Mwaloni

Ndiyo maana ile 130,000 niliiita ya mtaji *na* ya dharura. Igawe siku ile ile unapoipata, usingoje mtoto augue ndipo uanze kubishana na mama yake ni hela ya nani. Theluthi moja weka mahali ambapo si mezani na si kwenye simu ya biashara. Ikitumika, iandike kama deni ambalo nyumbani wanadaiwa na biashara na irudishwe pole pole mzunguko unaofuata. Ikiisha kabisa, chota kwenye mtaji, mtoto ni mtoto, lakini andika umechota kiasi gani. Mtaji uliochotwa na kuandikwa unajua umebakisha ngapi. Usioandikwa ndio ule unaoleta maswali ya Mzee wa Igoma.

Mzee wa Igoma

Nimekuona.

Mhitimu wa Malimbe

Dada wa Mlango Mmoja, kabla uzi haujazama, ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba mlishajaribu? Niko na wenzangu wanne, wote wahitimu, wote tuna vibanda.

Dada Mitumba Mlango Mmoja

Ipo. Ni ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, awaambie masharti ya kikundi cha vijana yalivyo sasa, maana umri na idadi ya wanachama vinaangaliwa. Mtatakiwa kuwa na katiba, usajili, akaunti ya benki ya kikundi na andiko la biashara. Msiandike biashara mnayoitamani, andikeni ile ambayo mnaifanya tayari, maana watakuja kuiona. Na chagueni mweka hazina anayependa kuandika, hata kama haongei sana. Katiba yetu nitakutumia faraghani uione ilivyopangwa, mbadilishe majina na riba, kipengele cha faini kiacheni kama kilivyo.